Sahani za Nadhiri

Mimi ni mtu wa kuandika juu ya matabaka. Hivyo ndivyo ninavyotambulishwa ninapoalikwa kusoma mahali, na mimi huinamisha kichwa kidogo, kama bibi harusi anayesifiwa kwa nguo alizoshonewa na wengine. Nimeandika hadithi fupi za wachukuzi wa bandarini, za wakulima wa mwani wa Paje, za mayaya wa Mji Mkongwe. Nimeandika makala ndefu kuhusu nani anakaa wapi harusini. Nilizaliwa ghorofani, katika nyumba yenye yaya na mpishi, na sijawahi kushinda na njaa isipokuwa kwa kujitakia. Hilo huwa halisemwi ninapotambulishwa, na mimi sijawahi kumsahihisha mtu.

Mwanamke ninayetaka kumsimulia alikuwa mwosha maiti wetu. Simtaji jina, wala simtaji mtu yeyote mwengine humu. Safari hii nafanya hivyo kwa heshima. Safari ya kwanza nilifanya kwa hila.

Alikuwa mzaliwa wa Kizimkazi. Ndoa ilimleta mjini, akakaa Amani katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mpira, mume akafa, yeye akabaki. Mama yake alikuwa mwosha, na bibi yake pia. Kwa miaka mingi hakufa mwanamke mtaani kwetu ila alipita mikononi mwake. Akiitwa hakuuliza nani kafa. Aliuliza kama maji yameshapata moto. Akifika aliwatoa watu wote chumbani, akabakisha mmoja au wawili wa karibu na marehemu, akafunga mlango. Na akimaliza, kabla hajaufungua tena, alimgeukia kila msaidizi akamuuliza, "Umeona nini?" Jibu lilikuwa moja tu: "Sikuona kitu." Aliyesitasita kulijibu hilo hakumchukua tena.

Maana kumwagia maiti maji si kazi ngumu, hujifunza kila mtu. Watu walichokuwa wakimwitia yeye ni mdomo wake. Mwili wa mtu una mambo: makovu, alama za kupigwa, hirizi, maradhi aliyoyaficha miaka ishirini. Yeye aliyaona ya nyumba zote, za ghorofani na za chini, na hakuna aliyewahi kuyasikia barazani.

Heshima hiyo haikumpeleka mbali. Harusini alialikwa, kwa sababu kumwacha kungekuwa aibu, lakini alikaa mlangoni penye viatu, na sinia lake lilikuwa la mwisho kupata walaji. Sisi watoto tuliviogopa vidole vyake. Nilipokuwa na miaka saba au minane alinipa kipande cha halua, nikaficha mikono nyuma. Mama alinifinya paja hasa, kisha akakipokea yeye kile kipande, akakitia kinywani, akakitafuna pole pole huku akinitazama. Miaka mingi baadaye niliiandika ile halua katika makala yangu, na makala ikasifiwa sana. Mfinyo sikuutaja.

Sasa, mtaani kwetu palikuwa na mabibi wawili, mtu na mdogo wake, wa ukoo mkubwa wa zamani, wakikaa peke yao katika jumba la ghorofa tatu. Kila Ramadhani walipeleka sahani za visheti nyumba kwa nyumba, zimefunikwa kawa la ukili la rangi ya zambarau lenye ukingo wa kijani, walilolisuka wenyewe. Kila nyumba iliwarudishia sahani na kaimati au tambi za sukari ndani yake, kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kuirudisha tupu ni kama kumwambia mtu usiniletee tena. Yule mkubwa akafa. Mwosha wetu akaitwa, akafanya kazi yake, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nilisikia hodi. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilifungua, nikamkuta mwosha wetu. Nilimwamkia, nikamwambia mama ametoka.

"Sikuja kwa mama yako, nimekuja kwako," akasema. Alikataa chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Mama yako ana huruma lakini jambo likimwingia linasomeka usoni. Wewe umesoma, unajua kuliweka neno."

Niliona fahari kuambiwa hivyo. Nasema kwa sababu ndiyo iliyonivimbisha kichwa.

Akaniambia. Siku ile ya kuosha, mdogo wa marehemu hakutaka mtu mwengine aingie chumbani, wakabaki wao wawili na maiti. Walipomvua nguo za juu, ndani lilikuwemo shimizi lililoshonwa kwa kitambaa cha viroba vya unga, vipande kwa vipande, na maandishi ya kiwanda bado yanasomeka ubavuni. Alipopita jikoni kutafuta chungu hakukuta hata kipande cha mkaa. Vyumba vya nyuma vilikuwa vitupu, vyombo vimeuzwa kimoja kimoja.

"Tangu nianze kazi hii sijapata kulitoa neno nje," alisema. Alikuwa akizipapasa nyuzi za ukingo wa kanga yake, hanitazami. "Na leo siyasemi ya maiti, nayasema ya mzima. Yule aliyebaki hapiki. Wallahi hapiki, mwanangu. Sasa sisi tufanyeje?"

Nikasema, basi nitampelekea chakula kesho.

"Ukimpelekea hivi hivi atakurudishia sahani na kitu ndani. Atauza mto anaolalia, lakini sahani yako hairudi tupu. Hujamsaidia, umemmaliza." Akasogea karibu. "Mwambie una nadhiri."

Mtu akiweka nadhiri, mtoto wake apone au kazi yake ifanikiwe, jambo likitimia hupika akawapa watu. Anayekula ndiye anayemsaidia mwenye nadhiri kuutua mzigo wake, na kwa hivyo hana cha kurudisha. Sahani hurudi imeoshwa, na dua. Nilikuwa nimesoma vitabu vizima kuhusu umasikini na staha, na hapakuwa na hata kimoja kilichofikia pale alipofikia mwanamke huyu wa penye viatu.

Nikaanza Ijumaa ile ile. Wali wa nazi na mchuzi wa nguru, nimeufunika vizuri.

"Shikamoo bibi. Nna nadhiri yangu, nisaidie kuipokea."

"Marahaba. Nadhiri ya nini, mwanangu?"

"Ya kazi, bibi. Nilikuwa na jambo zito skuli, limekwisha salama."

Alipokea kwa mikono miwili, akasimama pale pale mlangoni akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amin kwa kila neno. Ijumaa ya pili ilikuwa nadhiri ya mguu wa mama. Ya tatu, mwanafunzi wangu amefaulu. Mwisho nikawa nabuni nadhiri njiani huku sahani inaniunguza viganja. Siku moja alicheka, meno machache aliyokuwa nayo yakaonekana yote. "Wewe mtoto una shida nyingi! Na Mungu anavyokusikiliza, karibu ataomba kupumzika." Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu kichochoroni. Sijui kama nimewahi kufanya jambo jema kuliko lile, na halikuwa hata wazo langu.

Miezi minne ilipita hivyo, na lau ningekuwa mpishi mambo yangeishia hapo. Lakini mwandishi akishajua kuna shimizi la kiroba cha unga ndani ya jumba la ghorofa tatu, usingizi humruka. Nilijipa moyo kwamba nitabadilisha kila kitu. Mabibi wakawa mtu na binamu yake. Nyumba nikaihamishia mtaa mwengine, na marehemu niliyemjua mnene nikamfanya mwembamba. Shimizi nililiacha, maana bila shimizi hakuna hadithi. Nadhiri niliiacha, maana ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko yote. Na kawa la zambarau sijui niliachia nini. Lilikaa vizuri kwenye sentensi, basi.

Niliisoma hadithi hiyo alasiri moja ukumbini, mbele ya wapenzi wa kusoma. Nilipofika kwenye maandishi ya kiwanda ubavuni, mwanamke wa safu ya pili alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baadaye mtu akaniuliza nimeyajuaje mambo ya ndani namna ile. Nakumbuka nilivyojibu, neno kwa neno: "Mwandishi lazima awasikilize watu wadogo." Wakapiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa.

Ikachapishwa. Mtu akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, ikaingia kwenye simu za kina mama wa mtaani. Wao hawakuhangaika na sentensi zangu. Waliisoma kama watu wanavyosoma barua ya posa, wanatafuta ni nani. Kawa likawaonyesha nyumba. Shimizi likawaonyesha aliyesema, kwani wote walijua kwamba siku ile chumbani waliingia wawili tu, na mmoja wao asingejifedhehesha mwenyewe.

Bibi alikuja kwetu Ijumaa iliyofuata, kabla sijatoka na sahani. Alipanda ngazi zetu zote peke yake, akapumzika kila baada ya tano, nikimsikia. Mikononi alikuwa na sahani yangu ya mwisho, imefunikwa kawa la zambarau. Nilifunua. Ilikuwa imejaa visheti vipya, vya moto bado, vimepakwa shira. Sikuthubutu kufikiria sukari ile, samli ile na mkaa ule vimetoka wapi.

"Sahani yako hii, kwa ajili ya zote," akasema. "Nadhiri zako zishakwisha."

Nilisema, "Bibi, nisamehe," au nadhani nilisema.

"Na kawa kaa nalo. Nimeambiwa umelipenda." Akageuka akaanza kushuka, mkono mmoja ukutani. Nilipompa mkono nimshike aliukataa kwa upole, kama mtu anayekataa chai. Baada ya hapo hakumfungulia mlango mtu yeyote mwenye sahani, hata jirani aliyekwenda kwa nia safi na wali wa hitma. Kabla ya mwezi kwisha mpwa wake alikuja kumchukua akampeleka Dar es Salaam. Jumba sasa limefungwa.

Lile la bibi lilinikata maini. Lakini lililonikaa rohoni mpaka leo ni la mwosha, kwa sababu hilo ningeweza kulizuia.

Mtaani walianza kusema kwamba ana mdomo. Ni neno dogo, na kwa mwengine yeyote lingekuwa utani tu. Mimi mwenyewe nimeitwa hivyo tangu utotoni. Kwa mwosha ni hukumu. Mwanamke wa nyumba ya pili yetu alipofiwa na mama yake, alitumwa mtu mpaka Bububu kumleta mwosha asiyejulikana. Kisha akafa mwengine, na akaletwa huyo huyo. Yule aliyekuwa akiulizia maji ya moto akabaki kwake Amani, hakuna anayemwita. Nilisikia pia kwamba kwenye harusi moja alikaa mlangoni pale pale pake pa siku zote, na safari hii sinia lake halikupata walaji kabisa.

Ningeweza kusimama. Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi: alinambia mimi peke yangu, kwa ajili ya mzima aliyekuwa na njaa, na aliyelitangaza ni mimi. Maneno hayo nilikuwa nayo kinywani kila nilipokutana na kina mama wale dukani, mazikoni, kwenye maulidi. Niliyameza. Nilijiambia kwamba nikisema nitazidi kulichafua jambo, kwamba litapoa lenyewe. Uongo mtupu. Niliogopa wasinione kama walivyokuwa wakiniona, mtoto wa watu, mwalimu, mwenye kalamu. Nilichofanya ni kuandika makala kuhusu dhamana ya mwandishi kwa jamii yake. Nayo ilisifiwa.

Mama hakunigombeza. Alisoma hadithi kwenye simu ya dada yake, akaivua miwani, akaniuliza, "Yule mama alikwambia haya ili uyafanye nini?" Kwa siku kadhaa alikula chumbani kwake. Alipoanza kuugua mwaka uliofuata hatukuwa tumelizungumza tena, mpaka jioni moja aliponiita nimpangie mito.

"Nikifa, anikoshe yule wa Amani," akasema. "Si mwengine. Na wewe ndiye utakayemfuata, usimtume mtu."

Alifariki asubuhi, siku ya mechi. Nilimwacha mama mdogo na maiti, nikaenda Amani. Uwanja ulikuwa umeshaanza kujaa, watu wamepaka nyuso rangi, honi zinalia kila upande. Nilipiga hodi, akafungua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, nikaanza, "Mama, shikamoo, mimi nilikukosea, na nimekaa kimya kwa..." Uwanjani ukaruka ukelele, sijui timu gani imeingia, nami sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Alisubiri mpaka kelele zikapungua.

"Marahaba. Nani?" akauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiuliza nani kafa.

"Mama."

Aliufunika uso kwa viganja, mara moja tu. "Maji mshatia moto?"

Tulipoingia nyumbani kina mama walikuwa wameshajaa ukumbini. Minong'ono ilikatika. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutosha, "Huyu tena?" Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Wote walikuwapo, wamekaa, wananitazama. Nikasema, "Ni wasia wa mama," nikapita. Nilijificha nyuma ya maiti, ndiyo kweli yenyewe.

Chumbani tukabaki watatu: yeye, mama mdogo na mimi. Alinifundisha kumwaga maji, upande wa kulia kwanza, pole pole, mkono usiruke. Alifanya kazi yote chini ya shuka, na kila aliposogeza kitambaa alikuwa ameshakiandaa chengine cha kufunika. Alimsemesha mama kama mtu anayemwogesha mtoto: haya geuka, haya basi, tushamaliza. Na kuna mahali alipomgeuza, mimi nikaona jambo katika mwili wa mama yangu ambalo sikulijua maisha yangu yote. Mkono wangu ulisimama, maji yakamwagika sakafuni. Yeye alivuta shuka akafunika, akanigusa kiwiko na vile vidole nilivyovikimbia utotoni, akasema, "Mwaga, mwanangu. Maji yasipoe."

Karafuu maiti, udi, sanda. Alipokwisha kufunga fundo la mwisho alisimama mlangoni. Alimuuliza mama mdogo kwanza, kisha akanigeukia.

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu," nikasema, na nikalia kama sijawahi kulia.

Aliniacha nikalia. Mama mdogo alipotoka kuwaita watu, nilimshika mkono. Nikamwambia nitalitengeneza, nitaandika, nitaeleza yote yalivyokuwa, kila mtu asome.

"Usiandike," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Kuandika kwako rahisi. Nenda kaseme. Nadhiri ulikuwa ukipeleka kwa miguu yako, na hili lipeleke kwa miguu yako. Piga hodi, watazame usoni, useme." Akazikusanya nguo za mama, ambazo kwa desturi ni zake mwosha, akazifunga kwenye kanga, akatoka kupitia jikoni ili asipite mbele ya kina mama.

Tangu siku ile wamekufa wanawake wengine watatu mtaani, na bado mwosha huletwa kutoka Bububu. Nyumba za kuambiwa ni saba, si nyingi. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilivaa buibui, nikashuka. Nilifika mlango wa kwanza. Ndani walikuwa wanakula. Nilisikia vijiko, na mtu akicheka kwa jambo fulani. Niliinua mkono kupiga hodi, ukabaki juu kwa muda. Kisha nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi, nikakaa mezani, nikaandika haya.